Bingwa wa mtaa au mzee wa ukumbini: nani amfundishe mtoto pool?

Mama mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, ameniandikia ujumbe mrefu usiku, saa zile wazazi wengi wanazoandika watoto wakishalala. Ana kijana wa miaka 14, yuko kidato cha pili, na kijana huyo ameupenda mchezo wa pool. Si kupenda kwa kupita, anasema mama. Hata wakati wa kula anapanga punje za maharage kwenye sahani na kupima pembe kwa kijiko.

Mama alikwishagombana na mchezo huo, akashindwa. Mara mbili alikuta nauli ya shule ya 2,000 imeishia kwenye meza ya kichochoroni, kwenye michezo ya kuwekeana pesa. Akaona heri atafute mtu wa kumfundisha mwanawe mahali panapoeleweka. Akapata wawili.

Wa kwanza ni kijana wa miaka 26, bingwa wa mtaa, ambaye inasemekana kuanzia Tabata hadi Segerea hakuna anayemfunga. Anataka 10,000 kwa somo, na anafundishia kwenye baa, asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja. Wa pili ni mzee mstaafu, zamani karani, anayesimamia meza ya pool kwenye ukumbi mmoja wa jamii. Kila Jumamosi anafundisha watoto watano au sita, 3,000 kwa kila mtoto.

Mama alimpeleka kijana kwa mzee. Kijana akacheza naye michezo minne, akamfunga mitatu. Tangu siku hiyo hataki kurudi. Anamtaka bingwa. Na mama mwenyewe moyo umeanza kuyumba: "Dada, nitamlipaje mtu anayefungwa na mwanafunzi wake?"

Swali la mahali nilimjibu usiku ule ule, kwa sababu halina mjadala. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwenye baa ahakikishe mtoto haingii baa yake, na mtoto kwa sheria hiyo ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Haijalishi ni asubuhi na bia bado ziko kwenye kreti. Bingwa akitaka kumfundisha, wakutane kwingine.

Lakini swali lake la pili lilinikosesha usingizi kidogo, maana si la pool peke yake. Wazazi tunaliuliza kila mahali: mwalimu wa kuogelea ambaye hajawahi kushinda hata kikombe, mwalimu wa kinanda ambaye hapigi kwenye harusi, kocha wa mpira ambaye timu yake kubwa kuliko zote ilikuwa ya shule. Tunajiuliza, kama yeye hakufika, mwanangu atamfikisha wapi?

Nikamwomba mama ruhusa, nikaenda kuwatazama wote wawili. Fimbo ya pool sijaishika zaidi ya mara tatu maishani mwangu, kwa hiyo nilikaa pembeni na simu yangu na daftari.

Tulianza na bingwa. Alikubali bila kinyongo kuja ukumbini Jumatano jioni, na niseme mapema kwamba nilimpenda. Ni mpole, hana matusi, anamwita kijana "mdogo wangu". Akapanga mipira miwili kwa mstari, akainama, akapiga. Mpira wa rangi ukazama mfukoni, na ule mweupe ukarudi nyuma kama umeitwa, ukasimama karibu na tumbo lake. Kijana macho yakamtoka.

"Umeona? Piga chini, halafu vuta fimbo haraka. Fanya hivyo."

Kijana akafanya hivyo. Akapiga chini, akavuta fimbo kwa nguvu, mpira ukaruka kidogo na kwenda kombo. Akarudia mara kumi. Kila mara bingwa alimwambia maneno yale yale, kwa upole ule ule: "Vuta haraka. Haraka zaidi. Utazoea."

Mimi nilikuwa ninarekodi kwa simu ili mama aone. Baadaye, nikitazama video ile taratibu, nikaona jambo nililolirudia mara tatu kwa kutoamini. Bingwa mwenyewe havuti fimbo. Anapiga chini ya mpira, kweli, lakini fimbo yake inaendelea mbele kwa ulaini, inapita pale mpira ulipokuwa, ndipo inapotulia. Anachomwambia mtoto sicho anachokifanya.

Hakuwa anadanganya. Nilipomwonyesha alishangaa, akacheka, akachukua fimbo ili ajaribu kwa makini, huku anautazama mkono wake. Akakosa. Akajaribu tena, akakosa. "Dada umeniroga," akasema. Alipoacha kufikiri, mpira ukarudi kama kawaida.

Hapo nikamkumbuka mama mkwe wangu. Pilau lake lilikuwa la kusafiria mikoa, lakini ukimwuliza chumvi kiasi gani, anakwambia "kadiria tu". Ukimwuliza maji, "yakitosha utaona". Miaka miwili nilidhani ananificha. Hakuwa ananificha. Mkono wake ulijua, yeye mwenyewe hakujua kwamba unajua.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2001 watafiti wawili wa Marekani, Sian Beilock na Thomas Carr, waliwachukua wachezaji wazoefu wa gofu na watu wasioujua mchezo, wakawapigisha mipira ya karibu na shimo. Kwa ujumla wazoefu waliweza kueleza kwa urefu namna mpira unavyopaswa kupigwa. Ila walipoulizwa walichofanya kwenye pigo walilotoka kulipiga, walikumbuka machache kuliko wale wanaoanza. Kazi ikishaingia mwilini, akili inaiacha. Ndiyo faida ya ubingwa, kwani bingwa hawezi kila mara kuhesabu vidole vyake. Lakini mwalimu analipwa ahesabu vidole hivyo.

Jumamosi tukaenda kwa mzee. Kijana aliingia amekunja uso, akamwamkia shikamoo ya kuitupa. Mzee akaitikia marahaba kana kwamba hakuna lililotokea, wala hakugusia kufungwa.

Aliweka mpira mweupe mmoja tu mezani. Akamwambia kijana aupige katikati, uende moja kwa moja hadi ukingo wa mbele, urudi ugonge ncha ya fimbo yake, ambayo aiache pale pale ilipoishia. Basi. Kijana akaguna, kazi gani hiyo ya watoto. Akapiga. Mpira ukaenda, ukarudi, ukapita upande wa kushoto, kiganja kizima mbali na fimbo. Akapiga tena, kushoto. Mara ya tatu, kushoto.

Mzee hakusema kitu mpaka mara ya tano. Kisha akauliza: "Unarudi wapi?"

"Kushoto, babu."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Basi hauna bahati mbaya, una tabia. Tabia tunaweza kuitafuta."

Akazunguka nyuma yake. Akamwomba mtoto mwingine atazame kiwiko cha kijana huku anapiga. Yule mtoto, wa miaka 11 hivi, akasema, "Kinatoka nje kama bawa la kuku." Wote wakacheka, hata kijana mwenyewe. Mzee akamsogeza mguu wa kulia kidogo kwa kumwonyesha kwa fimbo, bila kumgusa. Kiwiko kikapata nafasi ya kupita karibu na mwili. Mpira uliofuata ulirudi vidole vitatu kutoka kwenye fimbo. Wa baada ya hapo ukaigusa.

Nusu saa nzima ikaishia hapo. Mzazi ambaye hajui angesema mtoto hajafundishwa kitu. Ila kwenye pool, anayejua zaidi ni yule anayeweza kuupiga mpira pale anapodhani anaupiga. Kama fimbo haiendi moja kwa moja, hayo mengine yote ni kubahatisha.

Kisha kijana, kwa ujeuri uliobaki, akamwambia mzee kwamba yeye anataka kujifunza kuurudisha mpira nyuma, kama bingwa. Nikakaa vizuri. Mzee akasema yeye mwenyewe siku hizi haurudishi zaidi ya shubiri mbili. Macho yamefanyiwa upasuaji na bega linalia. Lakini akaeleza. Ncha ya fimbo na mpira hugusana kwa muda mfupi mno, kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukivuta fimbo, mpira umeshaondoka zamani. Kuvuta kwako hakuuhusu. Kinachourudisha ni kupigwa chini ya kitovu chake, kwa fimbo inayokwenda mbele, ili uende huku unazunguka kinyume. Na mzunguko ule huliwa na kitambaa njiani, kwa hiyo mipira ikiwa mbali, umeisha kabla haujafika. "Anza karibu. Acha fimbo ipite."

Mpira wa kwanza ukasimama. Wa pili ukasimama. Wa tatu ukarudi, kama shubiri moja. Kijana hakusema neno, lakini niliona masikio yake.

Sasa nirudi kwa mama na swali lake. Unamlipa mzee kwa sababu humlipi ili amfunge mwanao. Mwanao ana macho ya miaka 14 na bega la miaka 14. Siku akimfunga mwalimu wake, na watoto wengi wataifikia siku hiyo, hilo halimwondolei mwalimu alichokijua jana.

Kama mfano wa Tabata haukutoshi, tazama snuka, ndugu mkubwa wa pool, mwenye meza ndefu na mipira 22. Steve Davis wa Uingereza alikuwa bingwa wa dunia mara 6 miaka ya 1980, na baadaye alicheza hata pool akiiwakilisha Ulaya. Aliyemfundisha tangu akiwa mdogo ni baba yake, Bill, ambaye hakuwa bingwa wa kitu. Baba alikuwa na kitabu cha Joe Davis, bingwa wa zamani asiye na undugu nao, na baba na mwana wakakisoma na kukijaribu mezani, ukurasa kwa ukurasa. Baba akaendelea kukitazama kiwiko cha mwanawe hata mtoto alipokuwa anatazamwa na mamilioni. Davis alipotangaza kustaafu mwaka 2016, alikumbusha kwamba baba yake alikuwa amefariki mapema mwaka huo.

Kwenye pool yenyewe kuna Mholanzi Johan Ruysink, ambaye jina lake limetokana na ukocha. Kila mwaka Ulaya na Marekani hukutana kwenye shindano liitwalo Mosconi Cup. Chini yake Ulaya iliwapiga Wamarekani mwaka baada ya mwaka, hadi Wamarekani wenyewe wakamwomba aje kwao. Mwaka 2017 wakafungwa tena. Mwaka 2018 na 2019 wakashinda. Wachezaji wa timu ile walikuwa wanaweza kumfunga Ruysink wakiwa wamefumba jicho moja.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki, nani hamjui Bruda Colm O'Connell? Alifika Iten, Kenya, mwaka 1976 kutoka Ireland kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's. Hakuwa mwanariadha. Alikaa, akatazama watoto wakikimbia, akauliza, akaandika. Mwanafunzi wa shule ile, Peter Rono, akachukua dhahabu ya mita 1,500 kwenye Olimpiki ya 1988, na David Rudisha, aliyefundishwa na bruda huyo, akakimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 London mwaka 2012, rekodi ya dunia. Hakuna aliyemwambia bruda avue viatu ashindane naye kwanza.

Nisieleweke vibaya lakini. Siku hizi kuna kundi jingine, la watu wasiojua kucheza wala kufundisha, wanaojiita makocha kwa sababu wana filimbi shingoni na kurasa za mtandaoni. Mwalimu wa pool lazima aweze kuupiga mpira sawasawa mbele ya mtoto, kwa mapigo ya kawaida, taratibu, mara kumi kati ya kumi. Mtoto hujifunza kwa kutazama kabla hajajifunza kwa kusikia. Mzee wetu hawezi tena kufunga michezo, lakini lile zoezi la kwenda na kurudi alilionyesha mara nne, na mara zote nne mpira uligusa fimbo. Asingeweza hilo, ningemwambia mama atafute mwingine.

Pia kuna mambo mzee hawezi kumpa. Hajawahi kusimama mbele ya mpira mweusi wa mwisho, watu mia wamekaa kimya, na mkono umeanza kutokwa jasho. Bingwa amesimama hapo mara nyingi. Nilimuuliza hufanya nini, na jibu lake lilikuwa la mtu aliyelipitia: hupaka chaki upya hata kama ipo, huzunguka meza hatua moja ya ziada, halafu huchagua pigo rahisi kuliko lile la kushangiliwa. Hilo aliweza kulieleza vizuri sana, kwa kuwa mwenyewe lilimgharimu kujifunza. Kuna mabingwa wanaoweza kufundisha, na mara nyingi ni wale ambao kipaji hakikuwabeba njia nzima.

Halafu kuna suala ambalo sisi wazazi tunalidharau: mtoto anataka kufanana na mtu. Kijana wa miaka 14 ambaye baba yake anafanya kazi Mwanza na anarudi mara mbili kwa mwaka hatavutwa na shati la karani mstaafu. Atavutwa na kaka wa miaka 26 anayeurudisha mpira nyuma. Ukimnyima kabisa, atamfuata mwenyewe, na atamfuata kule kule kwenye baa na kwenye pesa za kuwekeana. Bingwa huyo anaishi kwa pesa hizo. Aliniambia bila kuficha. Simlaumu, lakini mtoto anamwangalia hata wakati hafundishi.

Kwa hiyo nilichomshauri mama ni hiki. Jumamosi zote kwa mzee, kwa miezi sita. Jumamosi moja kila mwezi bingwa aje ukumbini, alipwe 10,000 yake, asifundishe chochote. Acheze na kijana na aseme tu anachofikiri kabla ya kila pigo. Pesa isiwekwe mezani, hata ya soda. Mama ahudhurie angalau somo moja kati ya manne, akae pembeni kama nilivyokaa mimi.

Na akikaa pale, asitazame mipira inayoingia. Amtazame mwalimu mtoto anapokosa. Je, anarukia kusahihisha, au anasubiri aone kama kosa linajirudia? Anasahihisha jambo moja au matano kwa pumzi moja? Anasema "piga vizuri", neno lisilomsaidia mtu, au anasema sogeza mguu huu? Anakumbuka wiki iliyopita waliishia wapi? Mzee ana daftari la kurasa 200, lile la mistari, na kila mtoto ana ukurasa wake. Kwenye ukurasa wa kijana wetu aliandika siku ile: kiwiko, kushoto, mguu wa kulia. Chini yake: ana haraka. Ukurasa huo mzazi yeyote anauelewa, hata asiyejua pool.

Nilimuuliza mzee atafanyaje siku kijana akimzidi kabisa, asimwone kosa tena. Akasema ameshawatoa wawili, mmoja kwa kocha wa Arusha, mwingine hajui alikwenda wapi. "Mwanangu, mimi ni darasa la kwanza. Sijawahi kuona mwalimu wa darasa la kwanza analia watoto wakienda la pili." Kisha akaongeza, "Ila huwa nawatuma salamu."

Mama alikubali sehemu ya ushauri. Ile 10,000 ya bingwa inamuuma, na anataka kwanza aone mwezi mmoja unavyokwenda. Ni haki yake. Mfuko ni wake.

Jumapili alinitumia picha. Mezani nyumbani kwake kuna chupa tupu ya soda, imelazwa, imezibwa pande zote mbili kwa vitabu isibingirike. Ni zoezi la mzee: kijana anapitisha fimbo kwenye mdomo wa chupa, ndani na nje, mara 100 kila jioni, bila kuigusa. Ikilia, anaanza kuhesabu upya. Wadogo zake wamekatazwa kuisogelea.

Chini ya picha mama ameandika: "Jana alifika 61. Baba yake amepiga simu, ameisikia inalia, anauliza nani anavunja vyombo."